Arubaini Isiyofika: Juu ya Utamu wa Filamu za Giza

Wahenga wametuachia kauli fupi iliyobeba tumaini kubwa: siku za mwizi ni arubaini. Hawakusema kwamba mwizi hataiba, wala hawakusema kwamba atakamatwa siku ile ile aliyoiba. Walichokiahidi ni kwamba hesabu ipo, na kwamba itatimia. Juu ya ahadi hiyo zimejengwa hadithi nyingi tulizosimuliwa utotoni, na juu ya ahadi hiyo hiyo ikasimama riwaya yetu ya upelelezi. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla kilipotoka mwaka 1960, Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, alikuja akiwa mtu wa kuifikisha arubaini. Fumbo lilifungwa mwanzoni, likafumbuliwa mwishoni, na msomaji akakifunga kitabu akiwa na hakika kwamba akili ya mtu mwema ikitulia huushinda ujanja wa mwovu.

Ipo aina ya filamu ambayo ndani yake arubaini haifiki. Mpelelezi huianza kazi, hulifumbua fumbo, huijua kweli yote, na kweli hiyo isimfae kitu. Mwovu huondoka na alichokitaka, asiye na hatia hubaki amelala chini, na taa za ukumbi huwashwa. Kwamba filamu za namna hii zipo si ajabu. La kustaajabisha ni kwamba zinapendwa, na mara nyingi zinapendwa na watu waadilifu, wanaoghadhibika kwa dhati wasomapo habari ya dhuluma gazetini. Watu hao hao huziangalia mara mbili na mara tatu hali mwisho wanaujua. Katika makala haya nakusudia kuuliza: ni utamu gani huu tunaoupata katika kushindwa kwa haki? Na je, ni utamu wa halali kwa nafsi inayotaka kuwa njema?

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, filamu za Marekani ambazo hazikuweza kuingia Ufaransa wakati wa uvamizi wa Wajerumani zilifika Paris kwa mkupuo. Mwaka 1946 mhakiki Nino Frank aliona kwamba baadhi ya filamu za uhalifu, zikiwamo The Maltese Falcon ya John Huston (1941) na Double Indemnity ya Billy Wilder (1944), zilikuwa na jambo jipya, akaziita film noir, yaani filamu nyeusi. Hapa nitaziita filamu za giza. Alama zake zinajulikana: mitaa ya usiku iliyolowa mvua, vivuli vya pazia vinavyompiga mtu usoni kama nondo za jela, mwanamke mwenye siri, na mwanamume anayejiona mjanja kuliko alivyo.

Hata hivyo, filamu zile za mwanzo zilikuwa zimefungwa kamba. Tangu mwaka 1934 studio za Hollywood zilizitekeleza kwa ukali kanuni za maadili zilizofahamika kwa jina la Will Hays. Kanuni hizo zilikataza uhalifu usionyeshwe kwa namna ya kumfanya mtazamaji auonee huruma, na zilitaka mkosaji asiachwe hivi hivi. Kwa hiyo giza lilikuwamo katika picha na katika nafsi, lakini hesabu ilifungwa: muuaji alikufa, au alikamatwa, au alikiri. Arubaini ilifika kwa amri.

Mwaka 1968 kanuni hizo ziliachwa, na mahali pake ukawekwa utaratibu wa kuzipanga filamu kwa madaraja kulingana na umri wa watazamaji. Marekani ilikuwa imezama katika vita vya Vietnam. Mwaka huo huo Martin Luther King na Robert Kennedy waliuawa, na Agosti 1974 Rais Richard Nixon alijiuzulu kwa kashfa ya Watergate. Waongozaji waliokua wakiziangalia filamu za giza za zamani walizirudia, safari hii bila kamba. Hizo ndizo zinazoitwa neo-noir, nasi tuziite filamu mpya za giza: The Long Goodbye ya Robert Altman (1973), Chinatown (1974), Body Heat ya Lawrence Kasdan (1981), Blood Simple ya ndugu Coen (1984), Se7en ya David Fincher (1995), Memento ya Christopher Nolan (2000), na nyingi nyinginezo. Nitaishika zaidi Chinatown, kwa sababu ndani yake swali letu limekaa wazi kuliko kwingine.

Filamu hiyo iliongozwa na Roman Polanski kutokana na mswada wa Robert Towne, na mambo yake yanatukia Los Angeles mwaka 1937, wakati wa ukame. J. J. Gittes, aliyeigizwa na Jack Nicholson, ni polisi wa zamani aliyegeuka mpelelezi wa kujitegemea. Riziki yake ni kuwafuatilia wanandoa wasioaminiana. Anakodiwa na mwanamke anayejiita mke wa Hollis Mulwray, mhandisi mkuu wa maji wa jiji. Mwanamke huyo ni mwongo, na punde mhandisi anaopolewa akiwa maiti, na mapafuni mwake mna maji ya chumvi. Kidogo kidogo Gittes anagundua kwamba maji yanamwagwa usiku ilhali wakulima wanakaukiwa, na kwamba ardhi ya wakulima hao inanunuliwa kwa bei ya kutupa kwa majina ya vikongwe walio katika nyumba ya kutunzia wazee, ambao hata hawajui kama wanamiliki kitu. Nyuma ya yote yuko tajiri mmoja, Noah Cross, baba yake Evelyn, mjane wa mhandisi. Na nyuma ya dhambi ya maji ipo dhambi ya nyumbani: Cross amezaa na binti yake mwenyewe, na mtoto wa kike aliyezaliwa ndiye anayetafutwa. Mwishoni Evelyn anajaribu kutoroka na bintiye, polisi wanampiga risasi, na Cross anamkumbatia yule msichana, anamziba macho kwa kiganja, na kumchukua.

Towne hakuuandika mwisho huo. Yeye alitaka Evelyn amuue baba yake. Polanski ndiye aliyekataa, akashikilia kwamba mwovu abaki na mwanamke afe. Basi arubaini haikukosa kufika kwa bahati mbaya. Ilizuiwa kwa makusudi na mtu aliyekuwa na uwezo wa kuileta. Nasi watazamaji, kwa miaka zaidi ya hamsini, tumemshukuru kwa kuizuia.

Aristotle angeshangaa. Katika kitabu chake juu ya sanaa ya ushairi alizipima namna mbalimbali za kuanguka na kuinuka kwa wahusika. Alisema kwamba kumwonyesha mtu mwema akitumbukia katika balaa bila kosa hakuleti huruma wala khofu bali huchukiza tu; na kumwonyesha mwovu akipanda kutoka dhiki hadi neema ni jambo lililo mbali kabisa na tanzia. Chinatown inayafanya yote mawili kwa pigo moja. Kwa mizani ya mwanafalsafa huyo ilipaswa kututia kichefuchefu. Badala yake inatuvuta. Ama Aristotle alikosea, ama sisi tumeharibika, ama kuna jambo la tatu ambalo bado hatujaliona.

Jawabu la kwanza ambalo mtu anaweza kulitoa ni uzuri. David Hume, katika insha yake juu ya tanzia iliyotoka mwaka 1757, aliuliza kwa nini tunafurahia kulizwa, akajibu kwamba ufasaha wa msanii hulichukua pigo la huzuni na kuligeuza likawa sehemu ya ladha. Kwa hakika Chinatown ni nzuri: rangi yake ya vumbi na dhahabu, tarumbeta ya Jerry Goldsmith iliayo kama mtu anayekumbuka jambo alilotaka kulisahau. Lakini jawabu hili halitoshi, na tena lina hatari. Halitoshi kwa kuwa filamu nyingi zimeyaiga mapambo hayo yote, mvua, moshi wa sigara, vivuli, na hazikumgusa mtu. Lina hatari kwa sababu uzuri huweza kufanya kazi ya ubani, yaani kuificha harufu ya maiti badala ya kutwambia kwamba kuna maiti. Ikiwa tunachokipenda ni uzuri peke yake, basi tumekuwa kama waombolezaji wanaosifu weupe wa sanda.

Jawabu la pili ni ukweli. Watetezi wa filamu hizi husema: dunia ndivyo ilivyo, na sanaa inayotuahidi kwamba kila dhalimu atakamatwa inatudanganya. Hoja hii ina uzito, na historia ya Los Angeles yenyewe inaitia nguvu. Mfereji uliokamilika mwaka 1913 chini ya mhandisi William Mulholland uliyachukua maji ya bonde la Owens, zaidi ya kilomita 350 kutoka jijini, na matajiri waliokuwa na habari mapema walikwisha kununua ardhi katika bonde la San Fernando, mahali ambapo maji yangefikia. Ziwa Owens likakauka. Towne aliyachukua mambo hayo, akayasogeza mbele miaka kadhaa, na kuyavisha sura za watu wachache. Hakubuni dhuluma; aliikuta.

Lakini jawabu hili nalo lina tundu. Kama ni ukweli tunaoutaka, gazeti linatosha, na hakuna anayelisoma gazeti la mwaka jana mara tatu kwa raha. Zaidi ya hayo, ukweli kwamba mara nyingine dhalimu hushinda si ukweli kwamba hushinda daima. Anayetoka katika ukumbi akisema dunia ndivyo ilivyo ameongeza kitu chake mwenyewe juu ya alichoonyeshwa. Tukiuliza amekitoa wapi, tunafika kwenye jawabu la tatu, ambalo naona ndilo la kweli kwa wengi wetu, na ndilo linalotisha.

Jawabu hilo ni kwamba kukata tamaa kuna raha yake. Tuna methali nyingine, pacha mwovu wa ile ya arubaini, nayo ni: mwenye nguvu mpishe. Mwenye kuisema huwa amepata mambo mawili kwa bei moja. La kwanza, anajiona mwerevu, mtu aliyeona mbali, asiyedanganyika kama vijana na wapumbavu. La pili, anapumzika, kwani akishaamini kwamba hakuna linalofaa kutendwa, hawezi kulaumiwa kwa kutotenda. Ni mara chache katika maisha hekima na uvivu vikapatikana pamoja, na ndiyo maana bidhaa hii ina wanunuzi wengi. Filamu ya giza inaweza kumuuzia mtazamaji bidhaa hiyo kwa saa mbili: humpa uchungu mdogo wa dhuluma isiyo yake, kisha humpa ruhusa ya kuisamehe iliyo yake. Plato, aliyewaogopa washairi kwa sababu wanayanywesha maji yale yanayopaswa kukauka ndani yetu, angekuwa na mengi ya kusema hapa, na safari hii nisingepata nguvu ya kumpinga.

Basi ikiwa huo ndio utamu wenyewe, nausema bila kusita: si wa halali. Jamii ambayo vijana wake wanajifunza kuisema kauli ya dunia ndivyo ilivyo kwa tabasamu la ujuzi imepoteza kitu ambacho hakuna sheria inayoweza kukirudisha. Dhalimu hahitaji tumpende. Anahitaji tu tumwone kama mvua au jua, kitu kisichoulizwa.

Lakini je, hilo ndilo analolisema Polanski na Towne? Tuirudie filamu na tuulize kwa nini Gittes alishindwa, tusiridhike na kujua kwamba alishindwa. Mapema kabisa, katika bustani ya akina Mulwray, mtunza bustani wa Kichina anang'oa majani yaliyokufa kando ya bwawa dogo na kumwambia jambo. Gittes anayasikia matamshi yake ya kigeni, anamwigiza kwa kejeli, na kupita. Yule mzee alikuwa akimwambia kwamba majani yanakufa, na sababu ya kufa kwake ni chumvi iliyomo katika maji ya bwawa. Katika bwawa hilo ndimo mhandisi alimozamishwa, na chini yake ilikuwamo miwani ya aliyemuua. Kweli yote ya kesi ilitamkwa na mtumishi mchana kweupe, na mpelelezi akaicheka lafudhi. Baadaye anampiga Evelyn makofi ili aseme siri yake, akidhani kwamba kweli ni kitu cha kukamuliwa. Anawaita polisi akiamini kwamba muuaji ni yeye Evelyn. Na anapokwisha kumjua muuaji wa kweli, anamwita Cross peke yake usiku, anamwonyesha ushahidi mkononi, kana kwamba kumjua mwovu ni sawa na kumshinda. Cross anauchukua ushahidi na kumlazimisha Gittes ampeleke alipo msichana.

Hiyo si hadithi ya mtu aliyeshindwa kwa sababu kutenda hakufai. Ni hadithi ya mtu aliyetenda kwa majivuno, asiyesikiliza walio chini yake, aliyeipenda kweli kama mtu apendavyo nyara. Filamu haimwambii mtazamaji aache kutenda. Inamwonyesha gharama ya kutenda vibaya, na gharama hiyo inalipwa na mwingine. Ushauri maarufu wa mwisho, kwamba Gittes asahau yaliyotokea kwa kuwa mahali penyewe ndivyo palivyo, unatoka kinywani mwa mwenzake anayemvuta mkono aondoke. Ni maneno ya rafiki aliyechoka, si hukumu ya filamu. Watazamaji wameyageuza kuwa methali. Lakini filamu yenyewe imekaidi ushauri huo, kwani haikusahau chochote, na imetuzuia sisi tusisahau kwa nusu karne.

Vivyo hivyo historia. Anayedhani kwamba kisa cha maji ya Los Angeles kiliishia pale mwenye nguvu alipopishwa hajakifuata hadi mwisho. Novemba 1924 wakazi wa bonde la Owens waliiteka milango ya mfereji na kuyaachia maji yao yarudi jangwani kwa siku kadhaa. Walishindwa wakati ule. Bwawa la St. Francis lilipopasuka usiku wa Machi 1928 na kuua watu zaidi ya 400, Mulholland hakujificha nyuma ya mtu. Aliibeba lawama mbele ya uchunguzi, na kazi yake ikaishia hapo. Mwaka 1978 kikaundwa kikundi cha watu wa kawaida cha kulitetea Ziwa Mono, ambalo mito yake jiji lilikuwa likiichota tangu 1941. Mwaka 1983 Mahakama Kuu ya California iliamua kwamba maji ya namna hiyo ni amana ya umma, na mwaka 1994 jiji likawekewa mpaka wa kuchota. Mwishoni mwa 2006 maji yalirudishwa katika mto Owens wa chini. Hayo hayakurudisha mashamba yaliyopotea wala waliokufa. Hata hivyo ni hesabu, na ilihesabiwa na watu ambao hawakukubali kwamba dunia ndivyo ilivyo.

Sasa tugeukie jambo ambalo wapenzi wa filamu hizi hulisahau. Mshtuko wa Gittes ni mshtuko wa nani? Ni wa mtu aliyeamini kwamba sheria ni yake, akagundua kwamba ina mwenyewe. Lakini wako walioishi ndani ya sheria isiyo yao tangu kuzaliwa, na kwao hilo si fumbo la kufumbuliwa. Mtaa unaoipa filamu jina lake ni giza kwa polisi wa Kizungu; kwa yule mtunza bustani na jamaa zake ni nyumbani, mahali pa kupika, kulea na kusali. Hapa pana doa katika kazi hii kubwa: imewafanya watu wazima kuwa mfano wa kutoeleweka kwa wengine.

Ndiyo maana ni vyema kuiweka karibu yake Devil in a Blue Dress (1995), iliyoongozwa na Carl Franklin kutokana na riwaya ya Walter Mosley ya mwaka 1990. Mji ni ule ule, Los Angeles, sasa mwaka 1948. Easy Rawlins, aliyeigizwa na Denzel Washington, ni Mmarekani mweusi aliyetoka vitani na kufukuzwa kazi katika kiwanda cha ndege. Anaingia katika upelelezi kwa sababu moja isiyo na mapambo: ana nyumba yake ndogo na anadaiwa malipo yake. Polisi wanampiga, wanasiasa ni wachafu, wauaji wamejaa, yote kama desturi ya filamu za giza. Lakini Easy hashangai. Hakuwahi kudhani kwamba sheria itamkinga, kwa hiyo haanguki inapokosa kumkinga. Mwisho wake haumwonyeshi akivutwa mkono gizani. Unamwonyesha barazani kwake, mchana, watoto wa jirani wakicheza, akimuuliza mzee mwenzake iwapo ni kosa kuendelea kuwa rafiki wa mtu unayejua kwamba hutenda maovu. Swali halipati jibu safi. Limeulizwa lakini, na limeulizwa kwa jirani.

Watu wa mwambao na visiwa, ambao babu zao waliziona mahakama za wageni zikipima haki kwa rangi na asili, watamwelewa Easy upesi kuliko Gittes. Kwetu habari kwamba wakubwa hununua ardhi kwa majina ya watu wengine haihitaji mpelelezi. Filamu ya Kenya Nairobi Half Life (2012) ya David Tosh Gitonga, iliyozungumza Kiswahili na Sheng mbele ya ulimwengu, ilimwonyesha kijana Mwas akiibiwa siku ile ile aingiapo jijini, akipitishwa jela, akijiunga na wezi huku akishika pia njia ya jukwaa. Polisi ndani yake ni sehemu ya wizi. Wasanii wetu basi hawana haja ya kuazima giza. Kilichobaki kuulizwa ni watalitumia kwa kazi gani.

Upo mwiba mmoja ambao si haki kuuruka. Polanski, aliyetuonyesha msichana akifunikwa macho na kuchukuliwa na mzee mwenye nguvu, mwaka 1977 alikiri mahakamani kosa la kufanya tendo la ndoa na msichana wa miaka 13, na mwaka 1978, kabla ya kuhukumiwa, aliikimbia Marekani. Wengine husema kazi isihukumiwe kwa mtu wake. Wengine husema isiangaliwe tena. Mimi sioni kwamba mojawapo ya kauli hizi inatutosha. Ninaloliona ni kwamba jambo hili linabomoa faraja yetu ya mwisho, ile imani kwamba anayeujua uovu vyema kiasi cha kuuonyesha hawezi kuutenda. Kuujua uovu si kinga. Cross mwenyewe, katika filamu, anasema kwa utulivu kwamba watu wengi hawalazimiki kukabiliana na ukweli kwamba, mahali na wakati ukiwadia, wanaweza kutenda lolote. Mtazamaji anayetoka akiwa amejiweka upande wa walio safi hajaitazama filamu hii vizuri.

Tumpe basi Aristotle haki yake kwa njia ya kuzunguka. Alikuwa na haki kusema kwamba ushindi wa mwovu unachukiza. Alichokosa kuona ni kwamba karaha hiyo yenyewe inaweza kuwa na thamani, endapo msanii ataiacha ibaki karaha. Katika filamu iliyo bora utamu hautoki katika dhuluma. Unatoka katika kuona kwamba bado tunaumia, kwamba ndani yetu kipo kitu kinachokataa kumzoea Noah Cross. Mtu hugundua kwamba mguu wake uko hai pale unapochomwa. Filamu iliyo duni, hata ikiwa na nyota wakubwa na mvua nyingi, huugandisha mguu huo na kutusifu kwa kutosikia maumivu.

Mizani ninayoipendekeza ni nyepesi, na kila mtu anaweza kwenda nayo. Filamu ikiisha, jiulize umebaki na nini, majonzi au tabasamu la ujuaji. Ukibaki na majonzi, umekopeshwa dhamiri na huna budi kuilipa nje ya ukumbi. Ukibaki na tabasamu, ujue kwamba umeuziwa usingizi.

Na ile kauli ya wahenga haijavunjwa na filamu za giza, imefafanuliwa tu. Tuliizoea kama utabiri, kana kwamba siku za mwizi hujihesabu zenyewe, kama mwezi unavyoandama bila kuombwa. Lakini arubaini haijawahi kufika peke yake. Ilifika kwa sababu palikuwa na jirani aliyekesha, na mwenye duka aliyekumbuka, na mtunza bustani aliyesema na mtu akamsikiliza. Filamu hizi zinatuonyesha mji ambao hakuna anayehesabu, na zinatuonyesha mwizi anavyoishi raha mustarehe ndani yake. Tukiuona mji huo na tukauogopa, tumefaidika. Tukiuona na tukajisikia tuko kwetu, basi na tuchunguze nani aliyeacha kuhesabu, na siku ya ngapi.